Nilipata A ya saikolojia ya mtoto, lakini PP1 imenishinda

Kwako Mwalimu,

Naomba unisikilize hata kama barua hii itakuwa ndefu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea digrii ya elimu ya watoto wadogo katika chuo kikuu kimoja hapa Kaunti ya Nakuru. Muhula huu tumetumwa mazoezi ya kufundisha, nami nikapangiwa kituo cha chekechea cha umma kule Kaptembwa, darasa la PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea.

Chuoni sikuwa mtu wa kusukumwa. Saikolojia ya mtoto nilipata A. Wataalamu wa makuzi ya mtoto nimewasoma: hatua nne za Piaget za ukuaji wa akili nazijua na miaka yake, Vygotsky nimemfanyia wasilisho mbele ya darasa zima, Montessori na Erikson nao nimewasoma. Nilikuja Kaptembwa kifua mbele.

Somo langu la kwanza lilikuwa la hisabati, kuhesabu vitu kutoka 1 hadi 5. Andalio la somo lilikuwa safi, na kwenye karatasi ya manila nilikuwa nimechora maembe kwa rangi nne. Watoto wakaimba moja mbili tatu mpaka ishirini, nikaona mambo ni mteremko. Kisha nikawagawia vizibo vya soda. Msichana mmoja nikamwambia anipe vitano, akanijazia kiganja. Mwingine alihesabu vyake akigusa kimoja mara mbili na kukiruka kingine, na bado akafika tano. Mmoja aliyepatia nikamwuliza, “Ni ngapi?” Akasema tano. Nikamwuliza tena ili nihakikishe, akasema sita! Kufikia hapo wengine walikuwa chini ya meza wakirushiana vizibo, na mmoja alikuwa amekitia mdomoni.

Mwalimu mwenyeji alikuwa nyuma akipanga madaftari. Akaja mbele, akapiga makofi, akaanzisha wimbo, darasa likatulia. Akawapeleka nje, akawachorea miduara mitano mchangani, akamwambia kila mtoto aweke kizibo kimoja katika kila mduara, mduara mmoja kizibo kimoja. Walifanya. Yeye ana cheti tu, mimi nasomea digrii. Baadaye aliniambia kwa upole, “Mwalimu, hayo ya vitabu ni ya chuo. Hapa ni kazi.” Jioni, kwenye sehemu ya tafakari ya andalio langu, niliandika: somo halikufaulu, watoto hawajui kuhesabu.

Hata uji umeniletea maneno. Siku moja vikombe havikutosha, nikaleta vyangu, vile vyembamba virefu. Nilipima kwa upawa uleule, lakini wenye vikombe vya kituo walianza kulia kwamba wenzao wamepewa mwingi. Mwalimu akanikataza kuvileta tena.

Mhadhiri aliyekuja kunikagua alikaa kipindi kimoja. Alipitia faili, yaani azimio la kazi, maandalio na rekodi ya kazi, akaniambia matokeo yanayotarajiwa hayajaandikwa kwa vitenzi vinavyopimika na kwamba chati hazitoshi. Tukaagana langoni kwa sababu alikuwa na wanafunzi wengine Njoro na Molo. Kuhusu watoto hakuniuliza chochote.

Kuna pia mvulana anayeshika penseli kwa mkono wa kushoto. Mwalimu mwenyeji kila akipita anaihamishia kulia. Najua si sawa, ila mimi ni mgeni, nimenyamaza. Naye mwalimu mkuu anataka watoto waandike, kwani wazazi wanauliza mbona madaftari hayana kitu.

Marafiki wanaosomea ualimu wa sekondari wananicheka, eti miaka minne ya kuimbisha watoto. Nimeanza kutafuta namna ya kuhamia kozi nyingine. Niambie ukweli: niliyosoma yana kazi gani hapa? Na kama yana kazi, nianzie wapi?

Aliyekwama, Nakuru

*

Mwanangu,

Usihame kozi. Pengine siku moja utahama kwa sababu nyingine, lakini hizi ulizonipa hazitoshi. Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, na pale unapolalamika kwamba masomo ya chuo yamekutupa ndipo nilipopiga mistari mingi zaidi, kwa kuwa karibu kila kisa ulichosimulia kimo katika silabasi yako.

Chukua huo uji. Piaget alikuwa akimimina maji kutoka chombo kipana hadi chombo chembamba mbele ya mtoto, kisha anamwuliza wapi kuna maji mengi. Mtoto aliye katika ile hatua ya pili, ya miaka 2 hadi 7, kwa kawaida humwonyesha chombo kirefu. Anaangalia kimo, upana hauingii katika hesabu yake. Swali hilo umelijibu kwenye mtihani na ukapata alama zako. Halafu umekuja Kaptembwa, ukalifanya jaribio lenyewe kwa uji wa saa nne, watoto wakakupa jibu lilelile, nawe ukadhani ni utukutu. Mwalimu mwenyeji hakukukataza kwa roho mbaya. Anajua kutokana na miaka ya kumimina uji kwamba vikombe lazima vilingane, la sivyo patakuwa na kilio. Sababu yake unayo wewe, iko kwenye noti zako za mwaka wa pili.

Siku ukiwa na nafasi, mwite mtoto mmoja pembeni, umiminie maji mbele yake namna hiyo, umwulize. Akishajibu mwulize, “Umejuaje?” Jibu lake liandike neno kwa neno, kwa Kiswahili chake cha mtaani, usilisafishe. Ukifanya hivyo kwa watoto wanne au watano utakuwa na kitu ambacho A yako haikukupa.

Tuje kwa vizibo. Watoto wako wanajua kuhesabu na hawajui, inategemea unauliza lipi. Mwaka wa 1978 watafiti wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walionyesha kwamba kuhesabu ni mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja. Mtoto ataje namba kwa mpangilio usiobadilika. Kila kitu kipewe namba moja, kisirukwe wala kisirudiwe. Ajue kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Kuna na mengine mawili, kwamba chochote kinaweza kuhesabiwa na kwamba haidhuru unaanzia wapi, ila kwa PP1 hayo matatu ya mwanzo yanakutosha. Sasa rudi kwenye barua yako. Wimbo wa mpaka ishirini ulikuonyesha kwamba la kwanza wanalo, walau katika wimbo. Aliyegusa kizibo mara mbili anayumba katika la pili. Aliyekujazia kiganja hajafika la tatu, kwake “tano” bado ni neno la kuimbwa, si kiasi cha kuchukua. Watoto wawili wana shida mbili tofauti na wanahitaji msaada tofauti, nawe umewafungia wote katika sentensi moja: hawajui kuhesabu.

Ile miduara mitano ya mchangani nayo, mbona hukuiuliza? Mduara mmoja, kizibo kimoja, hilo ndilo la pili kabisa, limefundishwa kwa kidole na mchanga. Yule mama aliona papo hapo watoto wanakwama wapi. Usimpime kwa karatasi aliyonayo.

Kisha yule wa tano na sita. Huyu ameniumiza kidogo kwa sababu alikuwa amepatia. Uskoti mwaka wa 1974, James McGarrigle na Margaret Donaldson waliwapangia watoto safu mbili za vitu zenye idadi sawa. Mtu mzima alipoivuruga safu moja na kuuliza tena kama zinalingana, wengi walibadilisha jibu. Ilipovurugwa na mdoli wa dubu “mtundu” aliyetoka sandukuni, wengi zaidi walishikilia kwamba bado zinalingana. Donaldson alieleza kwamba mtoto hasikilizi maneno tu, anamsoma mtu mzima anataka nini. Na fikiria maisha ya mtoto darasani: mwalimu hurudia swali lini? Akikosea. Wewe ukarudia, naye akakutafutia jibu jingine kwa heshima zake zote. Ukitaka kuhakikisha, badili kazi badala ya kurudia swali. Mwambie akupangie idadi kama hiyo upande huu. Au vaa soksi mkononi uifanye kikaragosi kinachohesabu vibaya, watoto wa umri huo hawawezi kuvumilia kikaragosi kinachokosea, watakirekebisha kabla hujawaomba. Hapo utajua nani anajua nini.

(Na vizibo viweke kando kwa PP1. Tumia magunzi ya mahindi yaliyokatwa vipande vikubwa. Kizibo kikishaingia mdomoni mara moja kitaingia tena, na hilo halimo katika nadharia ya mtu yeyote, ni akili ya kawaida.)

Utaniuliza ilikuwaje mtu mwenye A asiyaone haya. Lawama kubwa naiweka kwenye ratiba. Mmesoma zaidi ya miaka miwili ndipo mkaletewa watoto. Huko nyuma mlikuwa na lile somo la majaribio la kufundishana wenyewe kwa wenyewe, ambapo mwenzako mwenye miaka ishirini na kitu anajifanya mtoto wa chekechea, mikono mezani, akijibu kwa sentensi kamili. Nimekaa nyuma ya masomo hayo. Sijawahi kuona hata mmoja akienda chini ya meza.

Na si kwamba nchi hii haijawahi kufanya vingine. Kituo cha taifa cha elimu ya chekechea, NACECE, kilipoanzishwa mwaka wa 1984 chini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya, na vile vya wilaya, DICECE, vikafuata 1985, walimu wa chekechea walikuwa wakifunzwa huku wanafanya kazi. Kozi ilikuwa ya miaka miwili. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba wako mafunzoni, shule zikifunguliwa wamerudi kwa watoto wao, na mkufunzi anawafuata hukohuko. Mkufunzi alipozungumzia mtoto anayecheza peke yake pembeni mwa wenzake, kila aliyekuwa chumbani alikuwa na sura ya mtoto fulani kichwani, na wiki chache baadaye alikuwa naye tena. Sisemi digrii zirudi huko. Digrii inatakiwa ichimbe zaidi ya pale. Lakini mpangilio ule wa kwenda na kurudi tuliuacha kwa hasara, na walimu wengi mnaowakuta kwenye vituo leo, hawa mnaowaona wana cheti, ni matunda yake.

Basi ufanye nini katika wiki zilizobaki? Jitengenezee wewe mwenyewe huko kwenda na kurudi, kwa kuwa hakuna atakayekutengenezea.

Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Chagua watoto watatu, mmoja unayeona anakwenda vizuri, mmoja anayekusumbua, na mmoja ambaye mpaka sasa hujalijua jina lake vizuri. Huyo wa tatu ndiye muhimu. Kila siku mtazame mmoja kwa dakika kama kumi, ikiwezekana wakati wa mchezo wa nje, usipokuwa unafundisha. Andika kile macho yako yameona, si hukumu. “Ni mvivu” ni hukumu. “Hajui” ni hukumu. Andika hivi: amehesabu magunzi manne, la tatu amegusa mara mbili, amesema tano, ameniangalia usoni kabla ya kusema. Mistari minne. Jioni ukifika chumbani ndipo ufungue noti za chuo, ukitafuta ukurasa mmoja tu unaokusaidia kumwelewa mtoto huyo. Wenzako wengi hufanya kinyume: wanaanza na nadharia, halafu wanazunguka darasani wakimtafuta mtoto wa kuivalisha. Mtoto havai.

Ukishapata ukurasa huo, badili kitu kimoja katika andalio la kesho. Kimoja. Ukibadili matatu hutajua kipi kimefanya kazi.

Hapo ile sehemu ya tafakari itapata maana. Katika andalio zima la somo, ndiyo sehemu ya mwisho na ndiyo nafasi finyu kuliko zote, na wanafunzi huijaza wakiwa kwenye matatu: somo limefaulu, somo halikufaulu. Ikichukua nusu ukurasa kwako, sawa. Mada na mada ndogo unaweza kuzinakili kutoka mtaala wa KICD, taasisi ya taifa ya mitaala, kama wengine wote wanavyofanya, lakini tafakari hainakiliwi popote.

Mwalimu mwenyeji ni kitabu chako cha pili, ila hafunguki ukimwuliza kama mtahini. Usimwulize kwa nini anaimba. Subiri watoto wameondoka, mnakung’uta mikeka, umwambie, “Mwalimu, leo ulianzisha wimbo kabla kelele hazijaanza. Uliona nini?” Huenda atasema hajui, ni mazoea tu. Basi mwambie wewe ulichomwona akifanya, atakumbuka. Na ukijua jina la kitabuni la jambo analolifanya, mtajie, bila kujigamba. Alikwambia ya vitabu ni ya chuo kwa sababu, nadhani, wanafunzi wa chuo waliopita kwake walikuja kumwonyesha, hawakuja kumwuliza.

Hiyo haina maana kwamba uzoefu haukosei. Mvulana wa mkono wa kushoto ni mfano, na hapo sitaki ujifiche nyuma ya ugeni. Mtoto kutumia mkono wa kushoto si tabia mbaya ya kuondolewa, ndivyo alivyoumbwa, na kumhamisha kila dakika kunamfanya aichukie penseli yenyewe. Usimsahihishe mwalimu mbele ya watoto wala usiende kwa mwalimu mkuu. Mpe mtoto karatasi mbili, achore mtu kwa mkono wa kulia kwenye moja na kwa wa kushoto kwenye nyingine. Mpelekee mwalimu zote mbili baada ya vipindi, umwambie umeona tofauti na ungependa maoni yake. Mwalimu aliyezoea watoto akiona karatasi hizo hatahitaji hotuba yako. Na mwombe uwe unamkalisha mvulana huyo mwisho wa meza upande wa kushoto, asigongane viwiko na jirani yake. Kama mwalimu ataendelea baada ya hapo, mwambie waziwazi, kwa adabu, kwamba kwa muda uliobaki ungependa umwachie mtoto mkono wake.

Kuhusu wingi wa watoto, Vygotsky uliyemwasilisha alisema mtoto hufika mbali zaidi akisaidiwa na mtu mzima au na mwenzake aliyemtangulia kidogo. Huyo mwenzake wanafunzi humwandika kwenye mtihani na kumsahau darasani, na ndiye wa kukuokoa. Huwezi kumsaidia kila mtoto katika kipindi cha dakika 30. Lakini kwa daftari lako utakuwa unajua wanaojua kugawa kimoja kimoja bila kuruka. Mweke mmoja wao katika kila kikundi, wape magunzi wagawane. Kikundi kimoja kikae nawe, mwalimu mwenyeji achukue kimoja nje, wengine wafinyange udongo. Siku ya kwanza itakuwa vurugu. Ya pili itakuwa afadhali kidogo.

Na lugha je? Hukunitajia, ila natia shaka kwamba andalio lako ni la Kiingereza na ukisimama mbele maneno ya andalio yanakuponyoka. Tangu ripoti ya tume ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera ni kufundisha watoto wa madarasa ya chini kwa lugha ya eneo la shule. Kaptembwa lugha hiyo ni Kiswahili, una bahati. Wenzako waliopelekwa vijijini Vihiga au Siaya bila kujua neno la Kiluhya wala Kijaluo ndio wenye mtihani, na sijasikia chuo kinachoangalia hilo kinapowapangia vituo. Panga maswali yako kwa Kiswahili, yaandike kama utakavyoyatamka.

Mwalimu mkuu na wazazi wanataka kuona kitu daftarini. Usibishane nao kuhusu falsafa ya mchezo, hutashinda na huna muda. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka wa 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, watoto wake waliandika, ila walianza kwa kupapasa herufi za karatasi ya msasa kwa vidole. Wewe tafuta trei ya mchanga. Waandike kwa kidole, wafinyange herufi, wachane karatasi na kubandika kwa kufuata mstari. Vidole vikipata nguvu penseli haitawatesa. Kazi hizo zibandike ukutani karibu na mlango, kila moja na jina la mwenyewe, mzazi azione anapomchukua mtoto. Mzazi anachotaka ni ushahidi kwamba mwanawe hajashinda bure.

Mhadhiri sasa. Alichokwambia kuhusu vitenzi vinavyopimika si upuuzi, nawe kirekebishe, maana mwenye alama ni yeye. Lakini hukulazimika kungoja akuulize habari za watoto. Atakaporudi, weka kurasa za daftari lako mbele kabisa ya faili, kabla ya azimio la kazi. Mpigie siku moja kabla umwombe dakika kumi baada ya somo, uwe na swali moja la kweli kuhusu mtoto mmoja. Wahadhiri wengi niliowafahamu walichagua fani hii kwa kupenda watoto, ila wamegeuzwa wakaguzi wa mafaili kwa kupewa wanafunzi wengi na gari moja. Swali zuri humrudisha mtu kwenye kazi yake.

Na kwa kuwa najua baadhi yao husoma safu hii: karibu kila shule ya msingi ya umma ina chekechea ubavuni mwake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipelekwa huko asubuhi moja kwa wiki kukaa na kutazama tu, bila alama wala chati, mhadhara wa Piaget wa mchana utakuwa na wasikilizaji tofauti. Hilo halihitaji bajeti ya kuandikiwa pendekezo.

Wanaokucheka waache wacheke. La kazi ndilo la kulitazama kwa macho makavu. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, na ingawa Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, ndiyo inayosajili walimu, mwajiri wa chekechea ya umma ni serikali ya kaunti. Matangazo yao mengi huomba cheti au diploma, na digrii si lazima ikupandishie mshahara siku ya kwanza. Digrii yako inakufungulia milango mingine, kama ukufunzi katika vyuo vya ualimu, usimamizi wa elimu ya chekechea katika kaunti na kazi za mitaala. Lakini mkufunzi ambaye hajawahi kumfundisha mtoto yeyote kuhesabu ndiye aliyetufikisha kwenye barua yako hii, kwa hiyo usizikimbilie kazi hizo kabla hujakaa darasani miaka kadhaa.

Fomu ya kuhama iache kwanza mpaka mazoezi yaishe. Ukifika huko na daftari limejaa, na bado hutaki kusikia habari za watoto, hama, sitakuzuia. Si kila mtu ameumbiwa kukaa na wenye miaka minne. Ila ukigundua kwamba unalifungua daftari hata siku ambayo hakuna wa kukukagua, niandikie tena, na uje na maswali kuhusu yule mtoto wa tatu.